Nani anabisha hodi chini ya gari?

Safari hii barua zote ni za mlio mmoja: ngo, ngo, ngo. Nyingi zimetoka kwa wenye kampavani, yale magari ya kulala yenye kitanda na jiko ndani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo makuukuu tuliyo nayo huku Mombasa ama yalikuja zamani, ama yalikuwa matatu au ambulansi kabla ya kutiwa godoro. Yamekula chumvi ya bahari na matuta ya kila mtaa. Lazima yalalamike.

Shikamoo fundi. Nina Hiace ya zamani, injini ya dizeli aina ya 3L, nimeigeuza kampavani. Tangu mwezi jana injini inagonga ko-ko-ko, na nikikanyaga mafuta inazidi. Fundi mmoja anasema tuifungue, mwingine anasema ni nozeli. Nimsikilize nani? (Mtwapa)

Marahaba, mwanangu. Kwanza lisikilize gari lenyewe. Mlio wa kugonga daima una kitu unachokifuata. Kuna unaofuata mwendo wa injini, kuna unaofuata magurudumu, na kuna unaofuata barabara. Simamisha gari, tia gia huru, kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukipanda pamoja na injini ilhali gari halijasogea, basi uko kwenye injini au kwenye kitu kilichofungwa juu yake. Wako ndio huo.

Sasa vua fenibelti, washa kwa dakika moja tu, uzime. Mlio ukipotea, umeokoka: ni bearingi ya alteneta au ya pampu ya maji. Watu wamefungua injini nzima kwa ajili ya bearingi ya pampu, nami nimewaona.

Ukibaki, jiulize unagonga lini. Unaosikika sana asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ukafifia ikipata moto, mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika. Si habari njema, lakini injini za namna hiyo zimekwenda Malindi na kurudi miaka na miaka. Ninaouogopa mimi ni ule unaozidi injini ikipata moto, oili ikiwa nyepesi, na taa ya oili ikaanza kupepesa ukiwa umesimama kwenye foleni ya Likoni. Hizo ni metali za konrodi, yaani bearingi za ule mkono unaosukumwa na pistoni. Hapo usiliendeshe hata hadi kwa fundi, livutwe. Konrodi ikikatika hutoboa ubavu wa injini, na bloku iliyotobolewa haina dawa.

Kuhusu nozeli, ile inayopulizia dizeli ndani ya silinda, fundi wako wa pili hakukosea kushuku. Injini yako iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo inua kiti uifikie. Iache ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza, nusu mzunguko tu, silinda ile ikose mafuta. Sikiliza. Kaza, nenda ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Ukifika kwenye silinda yenye ugonjwa, injini itatetemeka kama kwa zile nyingine, lakini ngo-ngo itanyamaza au itapungua sana. Vaa miwani na glavu, tupia kitambaa juu ya nati, wala usiweke kidole penye dizeli inayoruka, maana presha yake hupenya ngozi. Na jambo hili ni la pampu za zamani peke yake. Mwenye Hiace ya injini mpya zaidi, aina ya 1KD au 2KD, asiguse kabisa, presha ya mabomba yale hupita baa 1,000.

Tuseme umeipata, ni silinda ya tatu. Usinunue kitu bado. Zima injini, badilishanisha nozeli ya tatu na ya pili, utie washa mpya za shaba. Mlio ukihamia silinda ya pili, ni nozeli, peleka ikapimwe. Ukibaki palepale kwenye ya tatu, ugonjwa uko chini, na fundi wa kwanza ndiye mwenye haki. Kabla hajafungua, mwageni oili ipite kwenye kitambaa cheupe. Tandaza kitambaa juani. Ukiona vipande vinavyometa kama magamba ya dagaa, visogezee sumaku: visivyonata ni vya metali za bearingi. Kama kransafti, ule mhimili unaozungushwa na konrodi, haijachimbika sana, itachongwa na kuvishwa metali za saizi ya milimita 0.25, na utasafiri tena.

Tukitoka Nairobi tulipata pancha karibu na Voi, tukabadilisha tairi wenyewe. Sasa nikienda polepole nyuma kunagonga, nikifika 60 kunanyamaza. Tuko Mariakani, tufike nyumbani kwanza? (ujumbe wa simu)

Huyu nilimjibu dakika ileile, na jibu naliweka hapa kwa faida ya wengine. Hapana! Simama pembeni ukakaze nati. Gurudumu lililolegea hugonga mwendo wa polepole, na likishika kasi hujikamata na kukudanganya kuwa limepona. Tazama na matundu ya rimu: yakishakuwa na umbo la yai, rimu hiyo ni ya vyuma chakavu. Kaza kwa kukingamisha, nati moja halafu ile inayoielekea, na baada ya kilomita 50 ushuke ukaze tena. Alikuta nati tatu zinazungushwa kwa vidole.

Fundi, langu hugonga kwenye matuta tu. Nimebadilisha shokabsoba mbili za mbele, bado. Fundi anataka tununue na za nyuma. (Kisauni)

Ngoja, dada. Mkoba weka mezani.

Niliwahi kuwa na gari lililogonga hivyohivyo. Nikatia bushi mpya, nikatia raba za fimbo ya kuzuia kuyumba, nikatia shokabsoba, na kila tuta la barabara ya Bamburi likaendelea kunisalimia. Mwisho nikampa mpwa wangu usukani, mimi nikaenda kulala nyuma juu ya godoro, sikio nimelibandika kwenye sakafu. Tuta la kwanza, kimya. Tuta la pili, ngo! Sauti haikutoka chini hata kidogo, ilitoka kwenye kabati la jiko, pembeni ya kichwa changu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ulikuwa umekatika mkanda, unapiga ubavu wa kabati. Nilikuwa nimeshatumia pesa za mtungi mara nyingi. Ile gesi yenyewe pia ingeweza kutuua, kwa sababu bomba lake lilikuwa limeanza kuchubuka.

Kwa hiyo shusha kila kitu kwanza: mtungi, sufuria, jeki, spana, hata stepni. Pita juu ya tuta lilelile. Kukiwa kimya, rudisha kimoja kimoja. Kukiendelea, ingia chini gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), mtu aliyumbishe kwa nguvu, nawe ushike kila kiungo kwa mkono. Kilicholegea utakisikia kwa kiganja kabla ya sikio. Kwa nyuma angalia bushi za pingili za springi na yu-boliti zake, maana hapo ndipo chumvi yetu inapoanza kula. Halafu hesabu mzigo. Tangi la lita 100 ni kilo 100 za maji, ongeza betri, friji na mbao. Majani ya springi yakishalala, ekseli hupiga raba ya kikomo kila tuta, na hapo shokabsoba mpya hazitakusaidia. Springi zipelekwe zikapindwe upya au ziongezwe jani.

Bwana fundi, gari letu hugonga usiku, injini imezimwa, funguo ninazo mfukoni. Mke wangu hataki tena kulala ndani, anasema lina mwenyewe. (Tiwi)

Mpe pole mama watoto. Mwenyewe ni pampu ya maji. Ile pampu ndogo ya volti 12 ina swichi ya presha: presha ya maji ikipungua ndani ya bomba, huwaka yenyewe, du-du-du, kisha hulala. Ikiwaka na hakuna aliyefungua bomba, kuna mahali panavuja hata kama ni tone, aghalabu ni washa ya koki au kiungo nyuma ya choo. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo uone itakapolowa. Pampu nayo iwekee raba chini, na mabomba yafunge yasiguse mbao, kwa sababu mbao ndiyo inayofanya mlio mdogo uwe ngoma. Usiku zima swichi yake kuu. Ukisikia tik-tik mara baada ya magharibi, hilo ni bati linapoa, lalani.

Nikitoa rivasi kuingia gia ya kwanza, chini kunalia "kong!" mara moja. (Changamwe)

Kros za propela, yaani viungo vya ule mhimili unaopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma. Weka vizuizi kwenye magurudumu, tia gia huru, ingia chini, shika propela uizungushe huku na huku. Ukiona kros inacheza ndani ya vikombe vyake, au kuna unga mwekundu wa kutu, badilisha. Kama ina chuchu za grisi, pengine mara ya mwisho kuiona grisi ilikuwa enzi za matatu.

Kuna mtu anauza kampavani bei nafuu. Linagonga kidogo, anasema nikitia oili nzito litanyamaza. (Likoni)

Litanyamaza, ndiyo. Oili nzito huficha mlio, na huchelewa kufika juu injini ikiwa baridi, basi injini inalika zaidi bila wewe kusikia. Dizeli za namna hiyo zilizoea 15W-40, na humo ndimo linapaswa kuwa kimya. Mwambie muuzaji utafika alfajiri na asiliwashe kabla yako. Ukiingia, weka kiganja juu ya kiti cha mbele. Kikiwa cha moto, muage vizuri, feri bado zinavuka.