Kabla hujampeleka mzee wako nyumba ya wazee, kauliza habari za choo

Jamani mwaka huu peke yake washanipigia simu watu wanne kuniuliza jambo moja, nyumba ya wazee unaichaguaje, wote tunaishi huku Uingereza, wote wana mzee anayeumwa dimenshia, huu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wameshafika pahala nyumbani hapawezekani tena. Nikaona bora niandike mara moja, wa tano akipiga namtumia linki. Ninayoyasema ni yaliyonikuta mie na ninayoijua ni England, ukiwa Scotland au Wales mambo ya pesa yana taratibu zake, kaulize kwenu huko.

Mgonjwa wangu ni mamkubwa, dada yake mama. Mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, kaja huku miaka ya sabini na mumewe, kafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, barua zangu za kazi za mwanzo kanisahihishia yeye. Hilo la Kiingereza liwekeni akilini nitalirudia.

Ilianza kwa chumvi. Mchuzi unatiwa chumvi mara tatu, ukimwambia anakasirika kwamba nani katia mara ya pili. Halafu pesa akazificha kwenye mchele akasema mie nimemuibia. Nikahamia kwake, nikawa nafanya kazi mchana na usiku nalala na sikio moja, mpaka usiku mmoja wa Januari, saa tisa, polisi wanagonga mlango wamemshika mkono kavaa dira na kanga basi, miguu mitupu. Wiki ile ile nikasinzia nikiwa naendesha gari. Hapo nikajua.

Grupu la WhatsApp la ukoo nalo nisilisahau. Wa Muscat wakalia, wa Dar wakaniambia nitapata laana, wa Unguja wakasema mlete akae na sisi. Nikauliza nani atakaa naye usiku? Grupu likanyamaza siku mbili, halafu mtu akatuma picha ya Ijumaa Karim. Kwa hiyo ushauri wangu wa mwanzo ndo huu, wape khabari kwa heshima, usiwapigishe kura. Anayepiga kura awe na zamu ya kukesha.

Nyumba ya kwanza niliichagua kwa macho. Sitaitaja jina. Ukiingia tu mapokezi kuna zulia zito, tangi la samaki, mashine ya kahawa, piano ambayo sijaona mtu kaigusa. Nikaangalia ripoti ya CQC, hawa ndo wakaguzi wa serikali na ripoti zao ziko bure mtandaoni, wanatoa madaraja manne, bora sana, nzuri, inahitaji kurekebishwa na mbovu. Hii ilikuwa nzuri. Sikuangalia tarehe! Ripoti ilikuwa ya zaidi ya miaka mitatu nyuma na meneja aliyesifiwa mle ndani alikuwa keshaondoka zamani.

Mamkubwa alikaa wiki saba. Wiki ya pili wakaanza kuniambia ana fujo, anapiga kelele akipelekwa chooni, kamkwaruza mfanyakazi. Mamkubwa? Mtu ambaye hata paka hamfukuzi kwa mguu? Nikaenda siku moja bila kuaga nikamkuta yuko chooni na kijana mmoja na msichana mmoja, anapiga kelele "maji! maji!" na msichana wa watu anamletea gilasi ya maji ya kunywa, mamkubwa anaipiga inaanguka, wanaandika kwenye tableti kagoma kunywa tena ana fujo. Mtu mzima anataka maji ya kutawaza jamani. Miaka themanini hajawahi kutoka chooni bila maji, leo anapanguswa na karatasi, tena mwanamme kasimama pale. Na neno la Kiingereza la kuwafahamisha limeshampotea.

Ndo hilo la Kiingereza nililosema. Dimenshia mara nyingi inakula ya karibuni kwanza, na lugha uliyojifunza ukubwani inaweza kuondoka wakati lugha ya mama bado ipo. Hawi hivyo kila mtu, ila kwa wazee wetu wa huku mjiandae. Mie nilidhani akiongea Kiswahili ananiongelesha mie tu kwa mazoea, kumbe chengine kilikuwa hakipo tena.

Nyumba ile ilikuwa imeshamwita daktari ampe dawa ya kumtuliza. Hapa nendeni polepole. Dawa za kundi la antisaikotiki zinaongeza hatari ya kiharusi kwa mwenye dimenshia, zinatakiwa zije mwisho baada ya mengine kujaribiwa, dozi ndogo, muda mfupi, na ziangaliwe upya. Kwa hiyo kila nyumba utakayotembelea waulize wangapi humu wanatumia, nani anazipitia, na mtu akibadilika ghafla mnafanya nini kwanza. Jibu unalolitaka ni kwamba wanaangalia mkojo kama una maambukizo, wanaangalia kama kafunga choo, wanaangalia kama kuna maumivu. Mzee wa dimenshia akipata maambukizo ya mkojo anaweza kuchanganyikiwa usiku mmoja tu ukadhani ugonjwa umeruka ngazi kumi. Anayekujibu moja kwa moja kwamba tunamwita daktari ampe kitu, toka.

Basi nikaanza kutafuta upya na safari hii nikawa mshenzi kidogo. Niliacha kwenda saa nne asubuhi wanayokupangia wao, nikawa nakwenda saa kumi na moja jioni. Jioni ndo wagonjwa wengi wa dimenshia wanapochafukwa, wanataka kuondoka, wanalia, wanatafuta watoto wao wawatoe skuli, na ndo saa hiyo hiyo wafanyakazi wanabadilishana zamu. Ukaona nyumba inavyoipita jioni yake umeiona yote. Kaa nusu saa ukumbini uko kimya. Sikiliza kengele inalia muda gani kabla hajatokea mtu. Angalia vikombe, viko karibu na mkono wa mzee au vimewekwa pembeni vimejaa na chai imepoa? Angalia kucha. Harufu ya mkojo pahala pamoja ni ajali, iko kote mpaka kwenye makapeti hiyo ni tabia, na nyumba inayonukia manukato kupita kiasi nayo nina wasiwasi nayo.

Maswali niliyokuwa nauliza: usiku mko wangapi kwa wazee wangapi kwenye korido hii (England hakuna sheria inayoweka idadi, kwa hiyo lazima uulize wewe), wangapi kati yao ni wa ajensi wanaobadilika kila siku, meneja ana muda gani hapa. Na swali ambalo sikuliuliza mara ya kwanza, kitu gani kitawafanya mniambie nimhamishe? Kwa sababu kuna nyumba za matunzo tu na kuna zenye nesi saa ishirini na nne, ugonjwa ukizidi ile ya kwanza inaweza kukwambia hatumuwezi tena, na kumhamisha mtu wa dimenshia ni kumvunja vunja, niliona kwa macho yangu. Kama wanakubali kumpokea wiki mbili za mapumziko kwanza, mpeleke hizo wiki mbili kabla hujasaini chochote.

Pesa sasa, nitapita haraka maana kila mtu hesabu yake ni tofauti. Mzee akiwa na mali ya zaidi ya pauni 23,250 kaunsili hailipi, analipa mwenyewe, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 2010 wakati bei za nyumba hizi unazijua. Nyumba yake mwenyewe inahesabiwa akiingia moja kwa moja, isipokuwa wiki 12 za mwanzo, au kama anaishi humo mume au mke au ndugu mwenye miaka 60 na kuendelea. Mie nilikuwa nina 47. Kaunsili ina hiari ya kukuonea huruma kama uliacha kwako ukaja kumtunza, kwa hiyo omba, kwa maandishi, mie waliniambia hapana lakini najua aliyeambiwa ndiyo. Si lazima nyumba iuzwe siku hiyo hiyo, kuna mpango kaunsili inalipa halafu inakuja kuchukua chake baadaye pamoja na riba. Muulize pia meneja, pesa za mzee zikiisha mtamkubali kwa bei ya kaunsili au mtanitaka mie niongeze juu? Wakujibu kwa barua.

Halafu kuna NHS Continuing Healthcare, huu ni mpango wa huduma ya afya ya serikali. Mzee akionekana shida yake kubwa ni ya kiafya, NHS inalipa yote na haiangalii ana pesa au hana. Ni ngumu kuipata, sikudanganyi, sisi tulikataliwa, lakini soshal waka wetu hakuitaja hata siku moja mpaka nilipoiuliza mwenyewe. Iombe kabla hujaanza kulipa.

Na LPA. Hapa naumia. Ile karatasi ya mzee kukupa wewe uamuzi wa pesa zake na ya pili ya afya yake inasainiwa akiwa bado anafahamu anachosaini. Mie nilikuwa naona aibu kumwambia, nikihofia atasema nimeanza kumgawa mirathi yu hai. Aibu ile imenipeleka mahakamani, miezi na miezi na pesa nyingi, kuomba ruhusa ya kulipia soksi zake mwenyewe kwa pesa zake mwenyewe. Kama mzee wako ndo kwanza kaanza kusahau funguo, acha kusoma hii kamwambie leo. Karatasi za DoLS, yaani za kibali cha kumzuia mtu asitoke, zisikutishe lakini, ni kwa sababu mlango unafunguliwa kwa namba na mzee hawezi kukubali wala kukataa kufungiwa, kwa hiyo nyumba inatakiwa iombe kibali. Nyumba ambayo haijui DoLS ni nini ndo ya kuogopa.

Nyumba tuliyoipata mwisho ni ndogo, zulia la ngazi limechakaa, piano hamna. Nilipokaa na naibu meneja nikatoa karatasi yangu ya maswali, mwanamke yule akatoa daftari lake akaniambia ngoja nianze mie. Saa nzima ananiuliza. Anapenda kuitwa nani? (Bibi, msimwite jina lake, vijana wa miaka ishirini kumwita jina ni matusi.) Alikuwa anaamka saa ngapi maisha yake yote? Alfajiri, nikamwambia, anaamka kusali. Akaandika. Kule kwa mwanzo ile alfajiri waliandika "anazurura usiku". Nani anamuogesha? Wanawake tu. Chooni je, kuna kitu tukijue? Nikaanza kulia mbele ya mtu simjui.

Wakanunua kile kikopo cha plastiki cha kumwagilia maua, kidogo cha kijani, kikawekwa chooni kwake. Wiki mbili "fujo" zote zimekwisha. Kikopo cha pauni tatu.

Nyama ya halali wananunua iliyoandaliwa tayari, si tamu, wenyewe wanakubali. Mie napeleka samaki wa nazi na uji wa mtama Jumamosi, nabandika tarehe juu ya kontena la sivyo wanautupa. Nguo zote shona jina, kanga khasa, zikiingia kufuliwa hazirudi, kanga yangu moja niliikuta imefanywa kitambaa cha meza. Ukutani kwake nimebandika maneno kumi kwa maandishi makubwa, Kiswahili na maana yake na namna ya kuyatamka. Haja. Baridi. Panauma. Maji, na hapo nikaandika maana mbili.

Mle ndani anayejua Kiswahili ni mmoja tu, dada wa Nakuru wa zamu ya usiku, na Kiswahili chake mamkubwa hakipendi kabisa. Siku ya kwanza kamwambia "shosho kuja ukule", mamkubwa akageuka akaniuliza huyu kafundishwa na nani. Lakini toka siku ile jioni zake zimebadilika. Maana kila jioni mamkubwa anataka kwenda kwetu, anakunja kanga anaweka chini ya kwapa anasimama mlangoni. Kule kwa mwanzo walikuwa wanamwambia hapa ndo kwako sasa, ndo kwanza anawaka. Huyu dada hamkatalii. Anavuta kiti anakaa naye pale pale mlangoni.

"Kwenu kuko aje?" anamuuliza.

"Kukoje," mamkubwa anamsahihisha. "Sema, kwenu kukoje."

"Kwenu kukoje, bibi?"

Na mamkubwa anakaa chini amuelezee.