Siku Mbili za Kutembea Kochi

SWALI: Mhariri, nampeleka mama India kwa matibabu, na baadaye tutapata siku mbili Kochi. Tutazame nini? Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Anzeni Fort Kochi asubuhi mapema, muwaone wavuvi wakiinua nyavu za Kichina, ambazo hupandishwa kwa magogo marefu yaliyofungiwa mawe mazito upande wa pili. Karibu na hapo, katika Kanisa la St. Francis, ndipo alipozikwa mwaka 1524 Vasco da Gama, yule yule aliyefika kwetu Mombasa mwaka 1498 bila kupokewa vizuri, kabla mabaki yake hayajahamishiwa Ureno. Mtaa wa Mattancherry kuna sinagogi ya Wayahudi ya mwaka 1568, yenye sakafu ya vigae vya Kichina vilivyochorwa kwa mkono, Jumamosi hufungwa. Iliki nunueni huko huko, baada ya kuinusa.