Kazi ya kaskazi moja, na pesa zako zilizobaki KRA

Upepo wa kaskazi ukivuma, hoteli za Malindi na Watamu hujaa, na wabeba mizigo na sahani wengi humo ndio kwanza wametoka Kidato cha Nne. Ikifika Aprili wageni wameshakwenda zao, nami naanza kuletewa maswali ya mshahara. Hesabu za hapa ni za viwango vya 2025.

*Shikamoo Mjomba. Niliambiwa mshahara ni 30,000, nikapokea 26,194. Nimedhulumiwa? (Binti wa Maweni)*

Marahaba mwanangu. Hukudhulumiwa. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, imechukua asilimia 6, yaani 1,800. Bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75, ni 825. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni 450. Hayo huondolewa kwanza, ndipo KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ishike zile 26,925 zilizobaki. Shilingi 24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, na 2,925 za juu yake asilimia 25. Jumla 3,131. Halafu unasamehewa 2,400 kila mwezi, kwa hivyo PAYE yako, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara, ni 731 tu.

Mwenzako wa 20,000 hatakiwi kukatwa PAYE hata senti, maana msamaha wenyewe unaimeza yote. Akiiona kwenye hati yake ya mshahara, na aende kwa mhasibu.

*Nilifanya kazi Januari hadi Machi 2025, 30,000 kwa mwezi, kisha hoteli ikafungwa. Kuna cha kurudishiwa? (Kijana wa Barani)*

Kipo, na hili ndilo vijana wa msimu wanaliacha lipotee. Mwajiri alikukata kama kwamba ungelipwa vile miezi 12. Lakini ushuru wa mapato huhesabiwa kwa mwaka mzima, Januari hadi Desemba, na msamaha wa mwaka ni 28,800. Wewe mapato yako ya kutozwa ni 80,775 tu. Asilimia 10 yake haifiki 8,100. Basi hukudaiwa ushuru wowote, na zile 731 mara tatu, karibu 2,194, ni zako.

Mwombe mwajiri fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru wako wa mwaka, uingie iTax, tovuti ya KRA, ujaze ritani, yaani taarifa ya mapato yako, kabla ya 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ritani ikionyesha umelipa zaidi, omba urudishiwe, na uweke akaunti ya benki yenye jina lako. Ombi hilo lina muda wa miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa, kwa hivyo hata kaskazi iliyopita haijakupita. Ukianza kazi Desemba, jua kwamba mwezi huo ni wa mwaka mwingine na una P9 yake.

Tahadhari moja: kijana wa saiba (duka la intaneti) mwenye haraka atakujazia ritani ya sufuri, achukue hela yake akusindikize mlangoni. Sufuri ni ya asiyepata kitu. Ukiijaza nawe ulilipwa, umesema uongo na pesa zako umezitupa kwa mkono wako mwenyewe.

*Ndugu yangu alichukua PIN, nambari ya mlipa ushuru ya KRA, kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB. Kazi hana. (Dada, Lamu)*

Huyo ndiye wa sufuri. Aijaze kila mwaka kabla ya 30 Juni; akichelewa faini ni 2,000.

*Bosi anakata lakini karatasi hatoi. (Mpishi msaidizi, Mambrui)*

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa haki ya hati inayoonyesha mshahara na kila makato. Idai kwa adabu, lakini idai. Pia usimngojee yeye: angalia michango yako NSSF na SHA, na iTax utazame kama mapato yako yanaonekana. PAYE ya mwezi inatakiwa KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwaka jana niliketi na kijana mmoja tukakuta miezi minne alikatwa na hakuna kilichofika popote. Kilichomwokoa ni picha za hati za mshahara alizoziweka kwenye simu.

*Na ile NSSF, nitarudishiwa nayo? (Binti wa Maweni tena)*

La, si sasa. Ila imeandikwa kwa jina lako, na mwajiri ameongeza 1,800 nyingine juu yake. Msimu ujao mpe mwajiri mpya nambari ileile. Usikubali kuandikishwa upya.