Fundi nijibu: hela ndogo, nataka baiskeli ya shokapu mbele na nyuma

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni mwendeshaji wa siku nyingi ila kwa baiskeli za kawaida, sasa nataka fulu saspensheni moja tu itakayonifanyia kila kitu, kupanda milima, kushuka kwenye mawe na mizizi, na siku za kazi niende nayo kazini. Hela sio nyingi na nimejibana sana kuipata. Kuna moja mpya nimeiona ina springi kubwa nyuma na mbele, gia 21, bei yake poa kabisa. Rafiki yangu anasema bora nichukue yenye shokapu ya mbele tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo uliyoiona iache. Najua imekaa vizuri machoni, springi nene imepakwa rangi nyekundu, lakini ngoja nikueleze kilichopo ndani yake, au tuseme kisichokuwepo. Springi kazi yake ni kupokea kishindo na kukitunza, afu inakirudisha chote kama ilivyokipokea. Lazima kiwepo kitu cha kukimeza kile kishindo kisirudi kwako, na kwenye shokapu ya kweli kitu hicho ni mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Zile za bei poa nyingi ni springi tupu na mpira kidogo. Ukitaka kuhakikisha, simama nyuma ya hiyo baiskeli, gandamiza siti kwa nguvu ya mikono miwili afu achia ghafla. Kama siti inaruka juu na tairi linataka kunyanyuka kutoka chini, basi hakuna mafuta mle, na ukiwa unashuka kwenye mawe itakurusha hivyohivyo, tena wewe ukiwa juu yake. Shokapu nzuri inarudi juu taratibu na kutulia.

Na hiyo gia 21 nayo ina jambo lake, maana ni tatu mbele mara saba nyuma, na zile saba mara nyingi ni za aina ya kukazwa kwa kuzungusha kama skrubu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambapo beringi ya upande wa kulia inakaa mbali ndani na ekseli inabaki haina kitu cha kuishikilia kule mwisho. Ukiruka nayo kidogo tu au ukiwa na mwili, ekseli inapinda. Hili nimeliona mara nyingi mpaka mtu akiniambia gurudumu la nyuma linayumba naanza kuangalia hapo kwanza.

Kwa hiyo rafiki yako yuko sahihi, ila sahihi nusu. Kama hela yako inaishia kwenye ile bei ya springi tupu, chukua yenye shokapu ya mbele tu na usione umeshindwa, maana kwa hela ileile una nafasi kubwa zaidi ya kupata foki (ndio hiyo shokapu ya mbele) yenye mafuta, breki za diski za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta, na fremu nyepesi, na utashuka kwa kasi na usalama kuliko yule mwenye springi mbili za maonyesho. Lakini kama unaweza kusubiri miezi kadhaa ukaongeza, au ukaenda kwenye mtumba mzuri, fulu ya kweli inalipa. Gurudumu la nyuma linabaki limeshika ardhi hata kwenye mizizi, unaweza kukaa na kupiga pedali kwenye njia mbovu badala ya kusimama muda wote, na ukirudi nyumbani baada ya saa nne mgongo bado ni wako.

Sasa ipi. Watu wengi wanakimbilia ile inayobonyea sana wakidhani ndio kubwa na bora. Baiskeli za mashindano ya kupanda na kushuka huwa zinabonyea milimita 100 hadi 120, za njia za kila aina 120 hadi 150, zinazofuata 150 hadi 180 hivi ni za wanaopanda ili wapate kushuka, na zile za kushuka tu zinafika 200. We umesema moja ifanye kila kitu na kazini uende nayo, basi tafuta nyuma 120 hadi 140 na mbele 130 au 140. Ukinunua ya 170 kwa sababu imekuvutia, kila asubuhi utakuwa unasukuma uzito na mpira mzito kwa ajili ya mwamba ambao pengine utakutana nao mara mbili kwa mwaka.

Kitu cha pili, na hapa nakuomba unisikilize sana: nunua fremu, vingine vitafuata. Cheni itaisha, tairi zitaisha, breki utabadilisha, lakini fremu ndio inaamua ni vitu gani vitaingia baadaye. Nataka uone ekseli nene ya kupitisha, milimita 15 mbele na 12 nyuma, sio ile nyembamba ya kufunga kwa klipu. Habu za upana wa 110 mbele na 148 nyuma ndizo zilizoenea zaidi kwenye baiskeli za aina hii, kwa hiyo magurudumu yake hayasumbui kupata. Shingo ya fremu iwe nyembamba juu na pana chini, ili siku ukitaka foki bora iingie. Na shokapu ya nyuma iwe ya saizi za kawaida kama 210 kwa 50 au 210 kwa 55, yaani urefu wake na mwendo wake kwa milimita, uliza kabisa. Mimi miaka ya nyuma nilinunua fremu nzuri sana yenye shokapu ya saizi yake pekee, iliyotengenezwa kwa ajili ya fremu hiyo tu, oilsili ilipokufa sikupata kipuri, baiskeli ikaning'inia ukutani msimu mzima na iliniuma kweli kila nikipita pale.

Umbo nalo liangalie. Baiskeli za zamani za tairi za inchi 26 zilikuwa na shingo iliyosimama, digrii 69, 70, hata 71, ukishuka unahisi kama unataka kupita juu ya hendeli. Za sasa kwa matumizi yako zinakuwa kama 65 hadi 67, gurudumu la mbele linakuwa mbele yako kidogo na unatulia. Nguzo ya siti ndio inatakiwa isimame, digrii 75 hadi 77, ili kwenye mlima uzito wako usikae nyuma ukasababisha gurudumu la mbele kuelea elea.

Ukitaka majina ya kuanzia kutafuta, Giant Stance, Polygon Siskiu T na Marin Rift Zone ya aluminiamu ni baiskeli zilizoundwa kwa watu wa bajeti na sio za mapambo. Ile Stance imefanya jambo ninalolipenda, kule nyuma karibu na ekseli haina bawaba, mirija yenyewe ndio inapinda kidogo, kwa hiyo una beringi chache za kubadilisha. Kaboni achana nayo kwa bajeti hii. Aluminiamu, kilo 14 hadi 16, ni uzito wa kawaida kabisa kwa daraja hili na usilipe hela kuupunguza.

Vifaa nitakwenda haraka. Gia moja mbele inatosha, nyuma kaseti, lile rundo la gia za nyuma, ya gia 12 yenye meno 10 hadi 51 kama ya Shimano Deore, au hata ya 10 yenye meno 11 hadi 48 kama ya microSHIFT, zote zinapanda. Breki za haidroliki, diski za milimita 180 mbele na nyuma ukipata. Na ile nguzo ya siti inayoshuka kwa kubonyeza kidude kwenye hendeli, wenyewe wanaiita dropa, mi naihesabu ni kifaa cha usalama maana ukishusha siti mwili wako unapata nafasi ya kurudi nyuma kwenye mteremko. Kama baiskeli haina, angalia kama fremu ina tundu la kupitishia waya wake.

Afu usimalize hela yote dukani. Bakiza ya pampu ya shokapu, tairi nzuri, na sevisi ya kwanza.

SWALI: Fundi shikamoo. Nimepata mtumba wa fulu, picha zinavutia, kesho kutwa naenda kuuona. Naangalia nini ili nisipigwe?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwanza mwambie mwenye nayo asiioshe sana, afu we nenda na taa ndogo, kitambaa, na kipimo cha cheni. Ukifika usianze na gia, anza na fremu. Futa vumbi uangalie kwenye maungio, chini ya shingo, pale shokapu inapofungwa, pale mrija wa siti unapokutana na mirija mingine, na mikono ya nyuma kote. Mstari mwembamba kwenye rangi unaozunguka maungio unaweza kuwa ufa, na ukiwa na mashaka we ondoka tu, hata kama bei imeshuka mpaka nusu.

Halafu shika siti, inyanyue taratibu kidogo sana bila gurudumu kutoka chini. Ukisikia klak kuna kitu kinacheza. Sasa weka kidole kwenye kila kiungo mmoja baada ya mwingine huku unanyanyua, kidole kitakwambia ni wapi. Ikiwa ni pale shokapu inapofungwa, huwa ni bushi, kitu kidogo na rahisi. Ikiwa ni bawaba kubwa karibu na pedali, ni beringi, inabidi kufungua nusu ya baiskeli, na hiyo uitoe kwenye bei. Mara nyingine ni bolti tu imelegea, ila bolti iliyolegea muda mrefu inakula tundu lake, kwa hiyo angalia.

Foki, pitisha ukucha juu ya zile bomba zinazong'aa, mzunguko mzima. Ukucha ukinasa mahali, pale ndipo oilsili inachanika na mafuta yanatoka. Fanya hivyohivyo kwenye shokapu ya nyuma, na ukiweza ijaze upepo mara tu ukifika, zungumzeni, pima baiskeli nyingine yote, afu ukimaliza urudi kuona kama imeshuka. Muulize amefanya sevisi lini. Watengenezaji kama RockShox wanataka mafuta ya chini ya foki yabadilishwe kila saa 50 za kuendesha, na watu wengi hawajawahi hata mara moja. Sio sababu ya kukataa, ni sababu ya kushusha bei.

Cheni ipime. Kwa gia 12 kipimo kikionyesha 0.5, yaani imerefuka asilimia 0.5, imekwisha, na ikiwa imepita hapo sana basi kaseti nayo imeshaliwa, na kaseti ndio ina bei. Bana breki, lever isifike kwenye hendeli. Uliza inatumia mafuta gani, Shimano ni mafuta ya madini na baadhi ya nyingine ni DOT, aina tofauti ya mafuta ya breki, ukichanganya unaua sili zote ndani.

Na la mwisho muhimu kuliko yote, namba ya fremu. Iwepo, isiwe imekwanguliwa, na mwenye nayo akuonyeshe risiti au aweze kueleza alivyoipata. Kuna mtu mahali analia kwa baiskeli iliyoibwa.

SWALI: Tairi za inchi 29 au 27.5? Mi ni mfupi.

JIBU: 29 inavuka mawe kirahisi na inatunza mwendo, na siku hizi fremu zake zimeundwa vizuri hata saizi ndogo. Lakini simama juu ya baiskeli ukiwa na viatu vyako, mrija wa juu usikuguse, na siti ikishuka mwisho tairi la nyuma lisikuguse makalio. Likikugusa, chukua 27.5 bila kusikitika. Kuna kampuni zinaweka 27.5 kwenye saizi ndogo tu kwa sababu hiyohiyo.

SWALI: Kaka mimi ni dada wa kilo 52, nimenunua fulu ya 130 mwezi uliopita na kiukweli sioni tofauti, ni ngumu kama ubao. Nimepoteza hela?

JIBU: Hapana dada yangu, hujapoteza kitu, ila kwa dalili hizo naona kama imejazwa upepo wa mtu mwingine. Shokapu ya upepo inapangwa kwa uzito wa anayeendesha, na wauzaji wengi wanaijaza kwa mtu wa kilo 75, 80 hivi. Fanya hivi. Vaa vitu vyako vyote, begi na maji, egemea ukuta, panda ukae taratibu. Kwenye shokapu ya nyuma kuna kiringi cha mpira, mwambie mtu akisukume hadi kwenye sili, afu ushuke bila kudunda. Pima kimesogea kiasi gani. Kama shokapu yako ina mwendo wa milimita 50, unataka kiringi kiwe kimesogea 13 hadi 15, yaani asilimia 25 hadi 30. Nina hakika kwako sasa hivi kinasogea 6 au 7.

Toa upepo kidogokidogo, na kila ukitoa bonyeza baiskeli mara kumi ili vyumba viwili vya upepo ndani visawazike, vinginevyo kipimo kinadanganya. Mbele fanya hivyohivyo, asilimia 15 hadi 20. Pampu ni ile ya shokapu yenye mshale unaofika 300 psi, kile kipimo cha upepo, ya tairi haifai hapa.

Ukishapunguza upepo geuza na kile kitufe chekundu, ndio cha ribaundi, yaani kasi ya shokapu kurudi juu, upande wa sungura, wa haraka, kama kimechorwa, kwa sababu springi yako sasa ni laini na haihitaji kuzuiwa sana. Wengi wanasahau hapa, shokapu inabonyea kwenye mzizi wa kwanza haijarudi imeshafika wa pili, wa tatu ipo chini kabisa na inakuwa ngumu tena, mtu anadhani bado upepo mwingi anazidi kutoa. Tairi nazo kwa kilo zako anza na psi 20 mbele na 22 nyuma kama hazina tyubu, zenye tyubu ongeza tatu nne. Andika namba zote kwenye karatasi kabla hujagusa, endesha kipande kilekile cha njia mara tatu ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara, na uniandikie kiringi kimesimama wapi.