Jibu: Nani hutengeneza gazeti la mji hapa Bukavu?

Ndugu, umeuliza ni watu gani hasa hutoa gazeti la mji hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kama ni kazi ya waandishi peke yao. Hapana, hata kidogo.

Chukua Le Souverain, lililoanzishwa mwaka 1992. Mama Solange Lusiku Nsimire alilishika mwaka 2007, akitokea redioni, akaliongoza hadi alipofariki Oktoba 2018. Vitisho alivipata vingi. Mwaka 2014 akapewa pia tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari. Lakini mji haukuwa na mtambo wa kuchapa magazeti, basi kurasa zikiwa tayari zilipelekwa Burundi, zikachapwa huko, kisha nakala zikavushwa mpakani na kurudishwa Bukavu. Kwa hiyo ukihesabu watu wa gazeti, usimsahau anayebeba furushi na kujibizana na watu wa forodha.

Halafu kuna mpiga picha anayepanda Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu ulio mlimani, kwenye matope, mvua ikishateremsha udongo pamoja na nyumba. Na mtu wa matangazo! Huyu kwangu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, maana mkubwa akilipia tangazo, anataka na habari zake ziandikwe kwa upole. Muuzaji naye analia: nakala moja inasomwa na ofisi nzima.

Ukilishika gazeti lolote la hapa, anza na kile kisanduku kidogo chenye majina ya wanaolitengeneza, kisha uulize nani analipia karatasi.