Hisa za Olin kabla ya kuungana na Dow

Kama ungeuliza mwaka 2015 ununue hisa za Olin, kampuni ya Marekani ya kemikali na risasi, kabla haijachukua biashara ya klorini ya Dow, kampuni nyingine ya kemikali ya Marekani, katika mpango uliotangazwa Machi 2015 na kukamilika Oktoba mwaka huo, mimi ningesubiri. Umeme ukipitishwa kwenye maji ya chumvi hutoa klorini na kostiki soda (kemikali kali ya kutengenezea sabuni na karatasi) kwa pamoja, takriban tani 1.1 za kostiki kwa kila tani ya klorini. Huwezi kuzalisha kimoja ukaacha kingine. Ujenzi ukichangamka, klorini ya mabomba ya plastiki inagombaniwa, kostiki inafurika sokoni na bei yake inaporomoka. Muungano huo ulizidisha utegemezi wa Olin kwa bidhaa hizi mbili, tena kwa deni kubwa, na wenye hisa wa Dow ndio waliopata zaidi ya nusu ya kampuni. Risasi za Winchester, chapa ya Olin, zilisaidia, ila mauzo yake yalikuwa yamepoa tangu 2013. Nisingeshawishiwa na gawio. Ningefuatilia bei ya kostiki kwanza.