Re: Safu za mawe Merrivale, theluji imefunika, nazipataje?

Habari ndugu, umesema ulifika Merrivale kule Dartmoor, nyanda za juu za Devon, Uingereza, ukazunguka weee kwenye theluji bila kuona zile safu za mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale. Shida ni kwamba mawe mengi pale ni mafupi, hayafiki hata magotini. Kwanza cheki ukungu, huo ukungu ukishuka usiende kabisa nakuomba. Kukiwa kweupe, toka barabara ya B3357 utafute ule mfereji mwembamba wa maji, unapita katikati ya safu mbili, tembea nao taratibu huku unaangalia pembeni utaona vichwa vya mawe vimechomoza viwili viwili, vyeusi kabisa, ni raha sana aisee. Alama ya mbali ni jiwe refu la karibu mita 3, liko kusini. Kingo za mfereji zinateleza, vaa buti.